Mashine ya Kulinda Nyama ya Matanga

Mama alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa nimeinama juu ya meza, bisibisi mdomoni, nyaya zimetapakaa mbele yangu kama matumbo ya kuku. Nikahisi kuna kitu hakiko sawa, kisha nikakiacha kipite. Christa, mke wangu, ndiye aliyemletea chai, na yeye aliona vizuri. Mama huyu alitulea kwa kofi kila tulipothubutu kupokea hata kipande cha muwa kwa mkono mmoja. Hata akiletewa chumvi na mtoto wa jirani, hunyoosha mkono wa kulia na kukishika kiwiko kwa wa kushoto, kama desturi yetu inavyotaka. Asubuhi ile alinyoosha wa kushoto peke yake, akakichukua kikombe, na wa kulia akaubakiza ndani ya mikunjo ya kitenge. Christa akanitazama. Mimi nikarudi kwenye nyaya zangu, kwa sababu usiku uliotangulia mashine ilikuwa imeunguza viazi tena, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata adabu ya mama yangu niliiona ni jambo la kesho.

Hiyo ilikuwa Mutakura, mtaa wa Bujumbura, mwaka wa tisini na nane. Vita vilikuwa vimeshazoeleka kama maradhi ya mzee wa nyumbani: hakuna anayeuliza vitapona lini, kila mtu anapita kwa kunyata na kufanya kazi zake. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, bidhaa haziingii. Umeme ulikuja ulipotaka. Jioni, saa ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje, ilipofika, milango ilikomewa mji mzima na hakuna aliyetoka mpaka asubuhi. Aliyeonekana nje hakuulizwa jina.

Kaka yangu Maxime hakuulizwa.

Maxime alikuwa mbanikaji. Mtu wa brosheti, yaani mishikaki, utampata kila kona ya Bujumbura, na wengi ni hodari, sitaki kumvunjia mtu heshima. Ila Maxime alikuwa na pipa. Lilikuwa pipa la mafuta alilolikata mwenyewe, akalitengenezea mfuniko wa chuma, makaa chini, mbuzi mzima ananing'inia juu. Siri yake ilikuwa moto mdogo, mdogo sana, wa usiku kucha. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akifungua na kuziba tundu la chini kwa kipande cha kigae, na kila baada ya muda akilipapasa pipa ubavuni kama mtu anayempima mtoto homa. Asubuhi nyama ilikuwa inaachia mfupa bila kugombana. Harusi za Cibitoke, za Mutakura, hata za watu wakubwa wa Kinanira, zilimsubiri yeye.

Vita vilipopamba moto hakuacha. Alisema nyuma ya nyumba ya mama, alikoishi, si barabarani. Usiku mmoja wakapita watu kando ya ua. Walikuwa nani, hatukujua, na miaka ile swali la namna hiyo halikuwa na ofisi ya kulipeleka. Saa ya kutoka ilipofika, mama alifungua mlango wa nyuma. Mbuzi alikuwa ameiva vizuri. Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Kinanira, karibu na kazi yangu ya kutengeneza simu, upande wa pili kabisa wa mji. Habari zilinifikia mchana. Baada ya mazishi nilihamia kwa mama pamoja na Christa, tukakaa.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia na ilibidi tuondoe matanga. Kwetu jambo hili halifanywi kimya kimya. Watu wanakusanyika, msemaji wa familia anasimama na bilauri ya kwanza, anamwuliza mwenye msiba mbele ya wote kama ametoka katika matanga. Yeye anajibu kwa kinywa chake, anakunywa, ndipo wageni wanakula. Asipojibu, matanga bado yapo, hata kama mmechinja ng'ombe kumi.

Mama alikuwa na sharti moja. Mbuzi wa Maxime wabanikwe katika pipa la Maxime.

“Watu walikuwa wanakuja hapa sababu ya ile pipa,” alisema. “Wamuage na pipa yake.”

Tulijaribu kumshawishi kwa brosheti. Hakubishana, alinyamaza tu, na wanaomjua mama wanajua kwamba hapo mjadala umekwisha. Tatizo ni kwamba mbuzi wa pipa anataka usiku mzima, na wageni wa kusini mwa mji lazima wawe wamekula na kurudi kwao kabla ya kuvrefe. Kwa hiyo nyama lazima iwe tayari asubuhi, na ili iwe tayari asubuhi lazima mtu akae nje usiku. Nami nilikuwa nimeapa kwamba katika nyumba ile hakuna mtu atakayekaa tena nyuma ya nyumba usiku. Nilishazika ndugu mmoja, nilikuwa sina nguvu za kuzika mwingine.

Ndiyo maana nikaunda mashine.

*

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Chini ya pipa nilifunga feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu. Ndani nilining'iniza kidude cha kuhisi joto, kidogo kama punje ya mtama, kilichotolewa kwenye fotokopi iliyokufa. Joto likishuka, feni inapuliza makaa. Likipanda, feni inanyamaza. Kitufe cha sauti cha redio ya zamani nilikigeuza kuwa cha kuchagua joto, na vyote vilikula betri ya gari, kwa kuwa umeme wa mji ulikuwa hauaminiki.

Vipuri alinipa Nasor. Watu wake walitoka Omani enzi za babu wa babu, wakauza vitambaa katika mtaa wa Quartier Asiatique. Yeye akauza vyombo vya redio katika duka lile lile, na vikwazo vilipokausha rafu zake akaanza kuchinja mashine mbovu na kuuza viungo vyake. Alinisikiliza hadi mwisho, akakuna ndevu.

“We unataka feni ilinde makaa, na mutu alale ndani.”

“Ndiyo, Baba Nura.”

“Basi hiyo ni askari ya zamu,” alisema. “Lakini askari mwenye haombi sigara. Wallahi, ingekuwepo nyingi, tungepumua.”

Tulicheka, kicheko kifupi cha watu wanaochungulia mlangoni kwanza kabla ya kucheka.

Mchana mashine ilifanya kazi hadi nikaionea fahari. Nilikuwa naweka viazi vitamu ndani ya pipa, kwa kuwa mbuzi wa kufanyia majaribio hatukuwa naye, na jioni nilivitoa vimeiva sawasawa, vimelainika mpaka kati. Usiku ndio ulionitia aibu. Niliiwasha kabla ya kuvrefe, tukajifungia, na asubuhi nikakuta viazi vimeungua upande mmoja kama vijinga, makaa yamekwisha kabla ya wakati, betri hoi.

“Mashine yako inajua kupika makaa,” Christa alisema, akikwangua kiazi kwa kisu. Tulikula viazi vya kuungua asubuhi nyingi kiasi kwamba jirani mmoja alituuliza kama ni dawa.

Kwanza nilishuku kiungo cha kidude cha joto. Nilikuwa nimekilehemu, na madini ya kulehemu hulainika pipa likipata moto sana, waya ukaachia, mashine ikadhani kuna baridi. Nikakikata, nikazibana nyaya kwa vipande vya shaba. Mchana safi, usiku viazi vikaungua. Nikashuku rele, ile swichi inayowasha na kuzima feni, kwamba inang'ang'ania. Nasor akanipa nyingine. Usiku vikaungua. Nikashuku umande, nikaimwagia mashine maji mchana kweupe mama akinitazama dirishani, nikaifunika kwa gunia bichi. Haikutetereka. Nikalala na matumaini, nikaamkia viazi vyeusi.

Mganga hajigangi, nilijua hilo, lakini fundi kushindwa na kitu alichokiunda kwa mkono wake kunauma kwa namna yake. Kazini nilikuwa natengeneza simu za watu walioniita monsieur. Nyumbani nilikuwa nashindwa na pipa.

Zaidi ya hayo, siku ilikuwa inakaribia. Tonton Akilimali, kaka yake mama, ambaye ndiye angekuwa msemaji, alikuja kupanga mambo ya viti na vinywaji. Alilizunguka pipa, akaitazama feni, akainama akainusa kabisa.

“Na nani atalala na nyama?” aliuliza.

“Mashine, Tonton.”

Alinitazama kwa huruma. “Nyama ya matanga hailale na mashine, mwanangu. Nyama ya matanga inalala na mutu. Wageni wakiuliza nani alikuwa karibu yake usiku, utawaonyesha waya?”

Nilijua anachosema. Kwetu chakula cha msiba hakiachwi peke yake. Watu wanaogopa mkono usiojulikana, wanaogopa sumu, na kwa siri wanaogopa pia kwamba marehemu ataona ametelekezwa. Mimi nilikuwa nimeunda mashine ambayo kazi yake yote ni kuiacha nyama ya matanga peke yake. Lakini kati ya desturi na risasi nilikuwa nimeshachagua, na nilimwambia hivyo. Mama alikuwa jikoni, akichambua maharage. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

*

Turudi kwenye asubuhi ile ya kikombe. Mchana wake Nasor alikuja Mutakura mwenyewe, na rele nyingine mfukoni, ingawa safari ya kuvuka mji miaka ile haikuwa kitu cha kuifanya bila sababu. Alisema amechoka kusikia habari za mgonjwa bila kumwona. Moto ulikuwa tayari umewaka na viazi viko ndani.

“Tufungue tuone,” alisema, akashika mpini wa mfuniko, akauachia papo hapo. Ulikuwa chuma kitupu na ulikuwa wa moto. Akapuliza vidole, akamkumbuka Mola wake kwa sauti, kisha akatumia kitambaa.

Tulifunua. Joto likatoka lote kwa mkupuo na feni ikaanza kulia kwa nguvu. Nasor akawa anachungulia, ananionyesha huku na huku, tunazungumza, na feni inazidi kupuliza. Tulipofunika, makaa yalikuwa mekundu yanachemka. Feni ilizimika baada ya muda, lakini makaa yaliyokwisha kuamshwa hayasikii amri ya feni. Tukanywa chai. Tulipofunua tena, viazi vilikuwa vimeungua upande mmoja.

Tukatazamana. Vilikuwa ndugu wa viazi vya asubuhi, huwezi kuwatofautisha.

“Mashine yako haina panne, haina ubovu,” Nasor alisema polepole. “Haijawahi kuwa na panne. Iko mutu anafunua.”

“Usiku? Nani atoke nje usiku?”

“Mi sijui. Mwizi angekula viazi.” Akavitazama vidole vyake. “Na ni mutu mwenye anafunua gizani, bila kutafuta kitambaa.”

Hapo ndipo mkono wa kushoto uliponirudia, na kikombe, na jicho la Christa. Nilimwacha Nasor kwenye kigoda nikaingia ndani.

Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, katika chumba cha nyuma, kile chenye mlango wa kutokea uani. Nilipiga magoti mbele yake.

“Mama, naomba mkono.”

Akanipa wa kushoto. Nikangoja. Baada ya muda akautoa wa kulia kutoka kwenye kitenge na kuuweka mikononi mwangu. Kiganja kilikuwa na malengelenge kwenye mstari mmoja ulionyooka, upana wa mpini wa mfuniko, na chini ya hayo mapya kulikuwa na makovu ya yale ya kwanza. Alikuwa amepaka dawa ya meno.

“Ni sufuria,” alisema.

“Christa ndiye anapika humu ndani, Mama.”

Akatazama pembeni. “Akilimali amesema. Nyama ya matanga hailale peke yake.”

“Si nyama. Ni viazi.”

“Ni pipa ya Maxime.”

Nje niliisikia feni ikiwaka na kuzima, inafanya kazi yake vizuri kabisa, na nikaichukia. Miezi yote ile nilikuwa naunda kitu ili mtu asitoke, na mtu alikuwa anatoka, na mtu mwenyewe ndiye niliyekuwa namlinda kuliko wote. Sikujua nimpigie kelele au nimkumbatie, nikabaki nimeushika mkono wake tu.

“Usiku ile nilisikia,” mama alisema. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. “Mi niko hapa, mulango iko pale. Nikasikia, na nikajua ni kwetu. Nikasema nitangoja saa ya kutoka. Nikangoja, niko nahesabu majogoo. Mutoto wangu iko kule nje, pengine ananiita, na mi nangoja saa.”

“Ungetoka wangekuua na wewe.”

“Najua.” Akaurudisha mkono ndani ya kitenge. “Basi sasa natoka. Nafunua, naangalia kama iko muzuri, nafunika. Narudi. Apana zaidi.”

*

Christa alitaka tufiche ufunguo wa mlango wa nyuma. Ni wazo la mtu mwenye akili, na ningekuwa na nguvu kidogo zaidi ningelikubali. Lakini kumfungia mama ndani ya nyumba yake, tena mlango ule ule, sikuweza. Nasor alikuwa bado kwenye kigoda. Nilimweleza kwa maneno machache. Alisema, “Allah amupe subira,” na hakunipa ushauri wowote. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nilikaa nikiitazama ile mashine hadi jua likainama. Ilikuwa inajua hali ya pipa kila dakika, ila haikumwambia mtu. Mama hakuwa anataka kupika. Alikuwa anataka kujua.

Kesho yake nilitoa taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi ya gari iliyotupwa, nikaifunga pamoja na feni, na waya wake nikaupitisha ukutani, chini ya dirisha, mpaka kando ya kitanda cha mama, karibu na mlango wa nyuma. Feni ikipuliza, taa inawaka. Feni ikinyamaza, taa inazima. Dirisha nililiziba kwa blanketi ili mwanga usionekane nje. Nikamkalisha, nikamwonyesha: hapa pipa linaona baridi, hapa limetosheka. Aliitazama taa muda mrefu, akanituma niende nje nifunue mfuniko ili aone kama haidanganyi. Nikafunua. Nikamsikia ndani anasema, “Imewaka.” Nikafunika. Nikangoja sana, kisha nikamsikia tena, safari hii kwa sauti ya chini. “Inapumua.”

Tangu siku hiyo viazi viliiva usiku kama mchana. Mama hakutoka tena. Hakulala pia, alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, macho kwenye taa, na asubuhi alitueleza pipa limelalaje. Hakuwa amelala vizuri mwaka mzima, kwa hiyo sikuona tofauti kubwa. Alikuwa ndani, na mimi niliridhika na nusu ya nilichotaka.

*

Ijumaa mbuzi wawili walichinjwa. Tukawaning'iniza alasiri, makaa tukayajaza, mfuniko tukaufunga. Tonton Akilimali alilala kwetu ili asubuhi awe karibu. Milio ya bunduki ilisikika milimani kama kawaida, mbali, na taa ikaendelea kuwaka na kuzima. Mimi, niliyekesha na mama chumbani kwake, nilisinzia na kushtuka, nikasinzia tena.

Kwenye alfajiri, giza likianza kuwa la kijivu lakini saa ya kutoka haijafika, taa iliwaka ikabaki imewaka. Tulingoja izime, haikuzima. Nilielewa kabla mama hajaniuliza. Makaa ya msimu ule yalikuwa mabaya, yaliuzwa yangali mabichi ndani kwa sababu wachomaji waliogopa kukaa porini. Yalikuwa yamekwisha. Feni ilikuwa inapulizia majivu.

Nilisimama nikachukua gunia la makaa. Niliona si jambo kubwa: hatua chache, mfuniko, makonzi mawili matatu ya makaa, kurudi. Nikaweka mkono kwenye komeo la mlango wa nyuma.

Mama alikuwa ameshafika. Alisukuma kigoda kwa mguu mpaka mlangoni, akakaa, mgongo wake kwenye mbao za mlango.

“Keti, Libère.”

“Mama, nyama itakuwa mbichi.”

“Tutaikula mbichi.”

“Wageni watatoka Kinanira, watatoka kila mahali. Pipa la Maxime...”

“Iache ipoe.”

Hakupaza sauti. Nilibaki nimesimama na gunia langu, mtu mzima mwenye mke, nisijue pa kuliweka. Ndipo tulipozisikia buti. Zilikuja kando ya ua, polepole, za watu waliochoka kama sisi, zikasimama. Mtu akakohoa. Mama alinyoosha mkono wake uliofungwa kitambaa akaifunika ile taa, na mwanga mwekundu ukabaki kwenye kingo za vidole vyake. Kwa mkono wa pili alikuwa amenishika suruali, chini, kwenye goti, jinsi unavyomshika mtoto usimpoteze sokoni. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Buti zikaendelea na safari yake. Mama hakuniachia mpaka saa ya kutoka ilipofika, na alipofungua mlango alitangulia yeye.

Nyama ilikuwa imeiva, ila karibu na mfupa ilikuwa bado na wekundu kidogo. Christa na wanawake wa jirani waliikata, wakaimalizia kwenye majiko ya wazi, juani, wakipiga soga. Sidhani kama kuna mgeni aliyejua.

Watu walikuja wengi. Tulikuwa tumeazima viti vya plastiki parokiani na kutandaza turubai uani, na Nasor alileta familia yake na kreti za soda. Mama alikaa mbele, kwenye kiti chenye mito, amevaa kitenge kipya. Yakasemwa ya kusemwa juu ya Maxime. Kisha Tonton Akilimali akasimama, akajaza bilauri, akamgeukia dada yake.

“Mama Maxime,” alisema. “Sisi watu yako tuko hapa. Tunakuuliza. Umetoka mu matanga?”

Mama hakujibu. Kichwa chake kilikuwa kimelalia bega, mdomo umefunguka kidogo, na kiganja chenye kitambaa kimetulia mapajani, kimekunjuka. Alikuwa amelala fofofo.

Tonton alimwita tena, taratibu. Christa aliinuka ili amguse, nami nikaona machoni pake kwamba hataki kumgusa. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amemwona mama akilala namna hiyo tangu Maxime. Watu walianza kutazamana. Bila jibu lake hakuna aliyeruhusiwa kula, wa kusini walikuwa na safari mbele yao, na jua lilikuwa limeshavuka utosi. Tonton alisimama na bilauri yake, mzee aliyekesha usiku mzima kwenye kochi letu akiogopa kukoroma. Alimtazama dada yake muda mrefu, tukadhani naye amesahau alichokuwa anafanya.

“Mutu mwenye analala hivi,” alisema mwishowe, “matanga yameisha kumutoka.”

Akanywa yeye funda la kwanza, akaiweka bilauri chini kando ya mguu wa kiti cha mama, akatupa ishara kwa mkono kwamba tugawe chakula.

Walikula wakinong'ona. Wa Kinanira walipoanza kuaga ili wawahi kuvrefe, nilimwona mmoja wao, bwana mnene nisiyemjua jina, anakinyanyua kiti chake kwa mikono miwili badala ya kukiburuta, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo.